Mistari Kumi na Moja ya Bu Warsiki

Mas Wasis mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akicheka, jinsi alivyokamatwa akiwa darasa la nne. Alinakili insha ya jirani yake kuhusu likizo neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwenye insha, na alipofika mwisho akanakili hata jina. Mwalimu akajikuta na insha mbili za mtoto mmoja, na ya Wasis haipo. Alichapwa rula tatu za vidole. Kwa kawaida hapo mtoto hujifunza kitu, na Wasis alijifunza kweli: tangu siku ile, kabla ya kunakili chochote, huanza kwa kufuta jina.

Nilipomkuta hapa Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, alikuwa na miaka thelathini na minane, upara unaoanza kupanda, na kadi ya ofisi shingoni ambayo hakuivua hata Jumapili akienda sokoni kununua tempe ya soya. Kadi ilimtaja kuwa "Mbunifu wa Masuluhisho". Tulimwita Mas, yaani kaka, kama tunavyomwita kila mwanamume ambaye bado hatujaamua kama anastahili zaidi. Kampuni yetu, Cahya Wetan, ina watu kumi na wawili na iko ghorofani, juu ya duka la matairi, kwa hiyo sote tunanuka mpira kidogo. Tunatengeneza programu za kompyuta na simu kwa ajili ya ofisi za vijiji, shule na vyama vya akiba. Mimi ni Ratri. Kazi yangu ni ukaguzi: msimbo, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma ili ijue la kufanya, haumfikii mteja mpaka upite mbele ya macho yangu. Nalisema hili mapema ili nisije nikajifanya sikuona.

Katika kazi yetu hakuna anayeanza kujenga kwenye kiwanja kitupu. Kuna watu dunia nzima wanaoandika msimbo wao jioni baada ya kazi, wanauweka mtandaoni, wanasema chukueni. Hatuwajui na hawatujui. Huo ndio msimbo huria, na bila huo nusu ya ofisi za mji huu zingefunga kesho asubuhi. Kila mmoja huja na leseni yake, karatasi fupi ya masharti, na mara nyingi sharti lenyewe ni dogo mpaka ni aibu kulikosa: tumia, geuza, uza ukipenda, ila jina langu na maneno haya usiyaondoe.

Mas Wasis alikuwa na utaratibu wake. Saa mbili kamili alivua viatu mlangoni, akajimiminia maji ya tangawizi, akaketi, akashusha msimbo wa mtu kutoka mtandaoni, na kabla hajausoma hata mstari mmoja akaanza kutafuta jina la mwenyewe popote lilipo na kulifuta. Leseni akaifuta. Maelezo ya pembeni, yale ambayo mwandishi huwaachia wenzake ili waelewe alikuwa akifikiri nini, nayo akayafuta. Kazi hiyo aliiita kufagia.

"Mas, maneno ya juu pale umeyapeleka wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Nimefagia, Mbak Ratri. Wewe dada mzima, unaweza kukaribisha wageni uwanja haujafagiwa?"

"Hilo vumbi lina jina la mtu."

"Na mtu mwenyewe yuko wapi? Finland huko. Atakuja hapa na ndege kuangalia programu ya chama cha akiba cha Godean? Acha zako."

Niliandika kwenye orodha ya ukaguzi: rudisha leseni. Yeye akaweka alama ya vema mbele yake, "imeshughulikiwa", na hakurudisha kitu. Mchezo huo tulicheza miaka sita. Mfumo wetu hutunza historia ya kila badiliko, nani alifuta nini na saa ngapi, lakini historia hiyo haisomwi na mtu mpaka pawe na ugomvi, na sisi Wajawa ugomvi tunauzunguka kwa mbali.

Kisha ikaja kazi ya kalenda. Pak Hendarto (Pak kwetu ni baba, kama Bu alivyo mama), mwenye kampuni, mtu mpole anayeogopa kompyuta zake mwenyewe, alituita sote akatangaza kwamba wilaya moja inataka programu ya kalenda ya Kijawa ya kuweka kwenye simu za wananchi. Unaandika tarehe ya kuzaliwa, inakupa weton yako. Atakayeitengeneza vizuri, akasema, ndiye atakuwa mkuu wa watengenezaji programu, kiti ambacho kilikuwa wazi tangu mwenye nacho alipohamia Jakarta. Na siku ya uzinduzi huyo ndiye atakayepewa kilele cha tumpeng.

Tumpeng ni mlima wa wali wa manjano, umezungukwa na kuku, mayai na mboga za nazi. Mwenye shughuli hukata kilele na kumpa mmoja tu, anayeheshimiwa kuliko wote pale. Wengine tunakula ubavuni. Nimekula ubavuni maisha yangu yote, na sitadanganya, kile kiti nilikitaka. Lakini Pak Hendarto alimpa Wasis kazi, kwa sababu Wasis alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha.

Weton si jambo la mchezo kwetu. Mtu ana siku mbili za kuzaliwa, moja ya wiki ya siku saba na nyingine ya wiki ya soko, ambayo ina siku tano, kama Pon, Pahing na Wage, na hizo mbili zikikutana ndipo unajulikana wewe ni nani, uoe nani, na nyumba uanze kuijenga lini. Bibi wa kijijini anaweza asijue alizaliwa mwaka gani. Weton yake anaijua, ya mumewe anaijua, na ya mbuzi wake pengine.

Siku ya kwanza programu ya Mas Wasis ilisema Pak Hendarto alizaliwa siku ambayo haipo. Siku ya pili ilimpa siku tatu kwa mpigo. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, kila tarehe tuliyoijaribu ilitoka sawasawa, pamoja na maelezo mafupi ya tabia ya mtu yaliyoandikwa kwa lugha safi ya zamani. Mas Wasis hana lugha safi ya zamani. Nikajua amempata mtu.

Sikuhitaji hata kikombe kizima cha chai kumtafuta. Alikuwa Bu Warsiki, mwalimu mstaafu wa hesabu wa Imogiri, mwendo wa chini ya saa moja kwa pikipiki kutoka mezani kwetu. Safari hii hapakuwa na Finland. Leseni yake ilikuwa mistari kumi na moja, nami naikumbuka kwa sababu niliisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Ilisema msimbo ni wa kila mtu. Ilisema hesabu hii ilikuwa ya mume wake, Darmaji, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akiwahesabia watu siku bila kuandika kitu na bila kudai kitu, na alipofariki yeye mkewe akaigeuza kuwa msimbo ili isifukiwe naye. Sharti lilikuwa moja: mistari hiyo kumi na moja iende kila mahali nakala itakapokwenda.

Ndani ya msimbo kulikuwa na maelezo kila baada ya hatua chache. "Hapa Darmaji alikuwa akianzia kidole kidogo." "Hapa alikuwa akinyamaza kidogo." Na kwenye sehemu ya majaribio, ile tarehe ambayo programu hujipima nayo kila inapofunguka, tatu Juni 1953, pembeni yake palikuwa na maneno haya: "Mume wangu. Msimbo ukikosea hapa, umekosea kila mahali."

Mas Wasis alifagia vyote. Kila mahali palipokuwa na Warsiki au Darmaji sasa palikuwa na jina lake.

"Mas, huyu ni mama wa Imogiri," nikamwambia. "Mwalimu. Mjane."

"Si kaweka bure?"

"Kaweka bure kwa sharti."

"Sasa bure yenye sharti ni bure gani hiyo, Mbak? Mtu akinikaribisha kahawa halafu aniambie nishukuru kwa sauti, si bora ninunue mwenyewe?"

"Basi nunua. Andika ya kwako."

Alinicheka, akageuza kiti. Nikaandika kwenye orodha: rudisha leseni ya Bu Warsiki. Akaweka alama ya vema. Ningeweza kwenda kwa Pak Hendarto saa ileile. Sikwenda. Nilijiambia si tabia yetu kumwumbua mtu, na hilo ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba kuna sehemu yangu iliyotaka kumwona anaanguka kutoka juu.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa wazi wa wilaya, Jumamosi asubuhi, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa. Mas Wasis alikuwa amevaa batiki mpya ya hariri, na alimleta mama yake, Bu Ngatirah, kutoka Gunungkidul, kwa kuwa mtu hapokei kilele cha tumpeng mzazi wake akiwa hai na hayupo. Mama mdogo wa umbo, mkavu, blauzi ya kebaya ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuja na kikapu cha tiwul, unga wa muhogo wa kuchemsha kwa mvuke, kwa sababu hakuamini kwamba wilaya inaweza kulisha watu wote wale.

"Hivi kweli ni huyu wangu aliyeitengeneza?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Shuleni hesabu zilikuwa zinamtoa jasho."

"Ndiye huyuhuyu, Bu," nikasema. Mungu anisamehe.

Hotuba zikaisha. Mkuu wa wilaya akakata kilele, akakiweka kwenye sahani pamoja na paja la kuku, akamkabidhi Mas Wasis, na watu wakapiga makofi. Mas Wasis akaiweka sahani mezani karibu na kompyuta, akaifuta mikono, akaifungua programu kwenye pazia kubwa ili ionwe na wote. Programu, kama ilivyofundishwa, ikajipima kwanza. Pazia zima likaandika: tatu Juni 1953, Jumatano Pon. Chini yake: "Mtu wa maneno machache. Akitoa hahesabu, akihesabu hadai."

"Maneno mazuri haya," akasema mkuu wa wilaya. "Hii ni siku ya nani, Mas?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi, na jibu la uongo wa kawaida lilikuwa rahisi pia. Angesema ni mfano tu. Lakini Mas Wasis alikuwa na sahani ya kilele mbele yake na makofi bado masikioni, na kichwa kilikuwa kimeshamvimba.

"Ya mama yangu, Pak. Nilianza na yeye kwa heshima."

Ukumbi ukalainika. Wanawake wa safu ya mbele wakamgeukia Bu Ngatirah wakitabasamu. Bu Ngatirah hakutabasamu. Alilisogelea pazia, akalisoma polepole, akageuka.

"Mimi ni Jumanne Pahing, Le." Le ni jina tunalowaitia watoto wa kiume, na kina mama wetu hawaliachi hata mtoto akiota mvi.

"Bu, tutaongea baadaye."

"Baadaye siku yangu itabadilika?"

Mtu akacheka nyuma kabisa. Mkuu wa wilaya akamtazama Pak Hendarto. "Kwa hiyo programu ina kosa?"

Hapo ndipo Mas Wasis alipobanwa pande zote. Programu ikiwa sahihi, amedanganya. Akiwa hajadanganya, programu ni mbovu, na wilaya haitaki kalenda mbovu. Nilimwona anapima.

"Kuna hitilafu ndogo, Pak. Sehemu hii ya hesabu... nilikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo."

Yaani alimtupia Bu Warsiki kosa ambalo Bu Warsiki hakulifanya. Jina lake alilifuta kwenye sifa, sasa anataka hesabu yake ibebe lawama bila jina.

"Haina hitilafu," nikasema nikiwa nimekaa, nikashangaa sauti yangu ilivyofika mbali. "Wekeni tarehe yoyote."

Mkuu wa wilaya akatoa yake. Sawasawa. Ya mkewe, sawasawa. Dereva wake akatoa ya marehemu baba yake, programu ikasema Jumatatu Wage, na dereva akaitikia kwa kichwa.

"Basi huyu wa Jumatano Pon ni nani?" akauliza Bu Ngatirah. Hakumwuliza mwanawe. Aliniuliza mimi.

Nikasimama, nikafungua ukurasa wa Bu Warsiki kwenye simu yangu, nikasoma. Mistari yote kumi na moja, kisha ule wa kumi na mbili wa pembeni ya tarehe: mume wangu, msimbo ukikosea hapa, umekosea kila mahali. Najua mnataka niseme niliyafanya hayo kwa ajili ya mjane wa Imogiri. Kwa sehemu kubwa ni kweli.

Pak Hendarto alikuwa wa kwanza kupata sauti, na alikuwa na swali moja tu la mfanyabiashara. "Huyu mama tunatakiwa kumlipa kiasi gani?"

"Hakuna, Pak."

"Hakuna kabisa?"

"Tuache mistari yake kumi na moja ikae ilipokuwa. Basi."

"Bure?"

"Bure, Pak."

Mkuu wa wilaya akaketi. Wote tukamtazama Mas Wasis, aliyekuwa anaitazama sahani yake.

"Le," akasema mama yake taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa kweli. "Kuiba kitu cha mwenyewe anayeuza, nimeshaona. Wewe umeibaje kitu unachopewa?"

Hata mimi ambaye nimekaa naye miaka sita sijui. Nadhani alizoea kufuta tu, kama mtu anayezoea kufunga mlango hata nyumba ikiwa tupu.

Bu Ngatirah akachukua jani la mgomba lililokuwa chini ya wali, akaifunika sahani ya kilele, akaifunga kwa kitambaa chake cha begani. "Huyo mama anakaa Imogiri sehemu gani? Chukua pikipiki."

Kwetu chakula cha heshima kikimkosa mwenyewe, kinapelekwa kwake. Mas Wasis aliendesha, mama yake nyuma ameikumbatia sahani, kikapu cha tiwul kimening'inia kwenye usukani. Nikawafuata kwa pikipiki yangu. Sikualikwa, ulikuwa udaku mtupu.

Bu Warsiki tulimkuta barazani anasahihisha hesabu za watoto wa jirani. Miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Bu Ngatirah alivua kandambili chini kabisa ya ngazi, akapanda, akaiweka sahani mbele yake kwa mikono miwili.

"Tumemletea Pak Darmaji sehemu yake, Bu. Ilikosea njia. Aliyeipoteza ni huyu, wa kwangu."

Mas Wasis akasimulia. Alianza na "kulitokea sintofahamu kidogo", mama yake akamwangalia, akaanza upya. Bu Warsiki alisikiliza bila kumkatiza, kalamu nyekundu mkononi, na hiyo kalamu ilinitisha hata mimi.

"Maelezo yangu umeyafuta yote?" akauliza.

"Yote, Bu. Naomba radhi."

"Ile tarehe yake umeiacha. Kwa nini?"

"Nilijaribu kuitoa, Bu. Nikiitoa programu inakataa kufanya kazi."

Bu Warsiki akacheka, cheko fupi la kweli, mpaka miwani ya kichwani ikateleza. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. Kisha akajifuta jicho kwa kifundo cha mkono uleule wenye kalamu.

Alipokuwa tayari, alimwambia Mas Wasis atoe kompyuta yake mkobani na kuirudisha ile leseni palepale barazani.

"Ni sekunde moja tu, Bu, nanakili kutoka kwa—"

"Usinakili. Andika."

Akaandika, mstari kwa mstari, Mbunifu wa Masuluhisho amekunja miguu mkekani kati ya madaftari ya darasa la tatu, huku sisi wanawake watatu tunakula kilele cha tumpeng kwa mikono na tiwul pembeni. Mara mbili Bu Warsiki aliinama akamwonyesha herufi iliyopungua. Alipomaliza, aliisoma kompyuta kuanzia juu hadi chini, na kwa mazoea akainua kalamu aweke vema kwenye kioo. Mas Wasis akaiwahi kompyuta yake.

Wilaya iliichukua programu, yenye mistari kumi na moja kwenye ukurasa wa kwanza, si wa mwisho. Jumatatu Pak Hendarto aliniita, akasema kiti cha mkuu wa watengenezaji programu ni changu, kwa sababu, maneno yake, ofisi inahitaji mtu asiyefumba macho. Nilikubali kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupitia kila programu tuliyowahi kuuza, kwenye ile historia isiyosomwa, na kuorodhesha kila mahali jina la mtu lilipofutwa. Aliyefuta arudishe, na amwandikie mwenye jina kuomba radhi.

Ilinichukua wiki mbili. Majina yaliyofutwa yalikuwa arobaini na moja. Nilifurahi, lazima niseme, kila jina la Wasis lilipojitokeza kwenye safu ya aliyefuta. Nikawa nayahesabu nikinywa chai. Thelathini na nane yalikuwa yake. Matatu yaliyobaki yalifutwa mwaka wangu wa kwanza kazini, kabla sijawa mkaguzi, na kwenye safu ya aliyefuta palikuwa pameandikwa Ratri.

Sikumbuki nilifikiri nini wakati ule. Nadhani sikufikiri. Nilikuwa na haraka, mteja anasubiri, na jina la mtu juu ya kazi yangu lilionekana kama uchafu. Nilifagia.

Siku iliyofuata nilifika ofisini saa moja, duka la matairi bado limefungwa, nikayarudisha yote matatu mahali pake. Sikumwandikia mtu. Saa mbili Mas Wasis alipovua viatu mlangoni, nilimkabidhi orodha ya majina thelathini na nane, nikampa na hotuba fupi kuhusu heshima ya kazi ya watu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Sawa, Mbak," akaketi, akaanza kazi.

Saa kumi alikuja mezani kwangu na maji ya tangawizi vikombe viwili, akaweka kimoja mbele yangu. Alikuwa amenyoa kichwa chote, na kadi hana shingoni.

"Mbak, nimeyarudisha yangu yote. Barua nimeandika ishirini, zilizobaki kesho."

"Vizuri, Mas."

"Ila nilipitia historia mwenyewe, nisije nikaacha mtu. Wewe umenipa thelathini na nane. Mimi nimehesabu arobaini na moja."

Nikanywa maji ya tangawizi. Yalikuwa ya moto sana, yakaniunguza, nikayameza.

"Wawili wako mbali, hao barua itatosha," akaendelea, kwa upole ambao nilitamani usingekuwepo. "Yule wa tatu, Bu Kinasih, aliyeandika msimbo wa kugeuza tarakimu kuwa maneno, anakaa Klaten. Nimeangalia njia. Jumamosi niko huru, Mbak. Nikuendeshe?"

Ijumaa jioni nilinunua mchele na manjano ya tumpeng.